Anza Pale Mikono Yako Ilipopita

Weka hiyo kle chini, mwanangu, na huo ufunguo uupumzishe. Tangu asubuhi unazungusha demareri, na kila ukizungusha unanitazama usoni kana kwamba mimi ndiye niliyeuficha moto wa injini. Moto haujafichwa na mtu. Umeuziba wewe mwenyewe mahali fulani, Jumamosi, ulipokuwa umeinama chini ya kapo na simu mkononi, ukimfuata mtu wa ng'ambo anayefungua gari lisilo lako, lenye usukani upande usio wako.

Sikasiriki. Uzee umenipunguzia hasira, umenizidishia usingizi tu. Lakini neno hili nimewaambia vijana wa Furu, wa Vungi, wa Katwa, na wenzao wa Beni wanaopandisha magari kwa kamba nyuma ya Fuso, mpaka koo limekauka, na bado kila Jumatatu kuna mmoja amesimama mlangoni na ndoo ya bolti. Kwa hiyo nalirudia, polepole: gari lililowaka kabla hujaligusa, likakataa baada ya kuligusa, shida yake iko pale ulipoligusa. Haiko kwenye kompyuta. Haiko kwenye injekta ambazo hukuzifungua. Haiko kwa jirani mwenye kijicho, ingawa najua shangazi yako ameshaanza kulitaja jina lake.

Sikukatazi kujitengenezea. Ningekukatazaje? Sisi wote tumelelewa na Kifungu cha 15. Wazee husema mzaha huo ulianzia Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji, mwaka 1960: kwamba katiba ina kifungu kimoja kinachomwambia raia ajitafutie njia mwenyewe. Zaire ikaja, Zaire ikaondoka, kifungu kikabaki. Butembo hii ingekuwa wapi bila hicho? Wafanyabiashara wetu walianza na kahawa na mboga, wakafika Dubai, wakafika Guangzhou, na hawakungoja mtu wa Kinshasa awashike mkono. Fundi wa malori ya njia ya Kisangani naye alikuwa mtu wa Kifungu cha 15. Lori likizama kwenye tope kule upande wa Bafwasende, yeye na boi-shofa wake walilala hapo hapo, wiki baada ya wiki, na gasketi ikipasuka walichonga nyingine kwa kisu kutoka kwenye kipande cha kartoni.

Ila watu wale walikuwa na adabu moja ambayo simu yako haikukufundisha. Walifungua kitu kimoja, wakakirudisha, wakawasha, wakasikiliza, ndipo wakaenda kwa kingine. Wewe kwa Jumamosi moja umebadilisha batri, umebadilisha buji, umechomoa nyaya za buji zote nne kwa mkupuo mmoja, umeweka chujio jipya la esanse, halafu kwa kuwa maji yalikuwa karibu ukaiosha na injini. Mambo matano. Sasa gari limekataa, na hujui ni lipi kati ya hayo matano linalokudai. Kosa lenyewe ndilo hilo, mwanangu. Mengine yote yamezaliwa nalo. Na ile bobini uliyokuwa unaiwaza usiku, ya kwenda kununua kesho, ni jambo la sita. Leo usinunue kitu chochote.

Tuanze na sikio, maana sikio halina bei. Ukizungusha ufunguo, gari linasema nini? Likinyamaza kabisa na taa za dashibodi zisionekane, hiyo ni habari ya batri, kamba zake, au fyuzi kubwa. Taa zikiwepo, demareri ikagonga tk-tk-tk na taa zikafifia, umeme upo lakini haufiki wa kutosha. Na injini ikizunguka vizuri, kwa nguvu zake, ila haishiki, basi iache demareri na heshima yake, ukatafute moto wa buji au esanse. Watu wanachanganya habari hizi tatu. Kuna mtu alilala chini ya gari siku nzima akifungua demareri iliyokuwa inazunguka bila kosa lolote.

Lako asubuhi lilinyamaza. Ulipozishika kamba za batri likaanza kugonga. Ulipozikaza zaidi, sasa linazunguka na halishiki. Kwa hiyo makosa ni zaidi ya moja, na usije ukafurahia kupata la kwanza ukadhani umemaliza.

Unaniambia, "Papa, lakini batri ni mpya." Mpya ni bei uliyolipa. Batri inaweza kuvuka bahari na kukaa rafuni miezi, ikakufikia na nusu ya nguvu zake. Ikiwa imejaa na kupumzika, multimeta isome volti 12.6 hivi; ikisoma 12.0, hiyo ni karibu tupu hata kama kibandiko bado kinang'aa. Wakati demareri inazunguka, isishuke chini ya 9.6 hivi. Gari likishawaka, isome kati ya 13.8 na 14.4, ndipo ujue alternata inafanya kazi. Namba hizi ziandike ukutani kwa makaa kama huna karatasi.

Sogea karibu, uitazame hiyo batri. Uliinunua kwa mtu aliyeitoa Kasindi, ukaiweka mahali pa ile ya zamani, ukaona kamba ya chanya haifiki vizuri. Hukujiuliza kwa nini. Batri za namna hii hutengenezwa za upande wa kushoto na za upande wa kulia. Soma kibandiko: mwishoni mwa namba utakuta L au R, na herufi hiyo ndiyo inayoonyesha nguzo zimekaaje. Yako ni ya upande wa pili. Kijana mwingine wa hapa mjini, kwa hali hiyo hiyo, aliigeuza batri na kufunga kamba pale zilipofika, chanya kwenye hasi. Fyuzi kuu ikakatika, diodi za alternata zikaungua, na batri nzuri ikamtia hasara kuliko ile mbovu aliyoitoa. Wewe angalau ulivuta kamba mpaka ikafika mahali pake. Lakini gusa hapa. Nguzo ya hasi ni nyembamba kuliko ya chanya, na kichwa cha kamba umekikaza mpaka bolti imefika mwisho, na bado kinazunguka kwa vidole viwili. Kichwa kinachozunguka kwa vidole hakipitishi umeme wa kutosha kwa demareri. Na huo unga mweupe wenye ukijani uliouacha ndani yake, ulidhani ni urembo? Chukua maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi ya waya, kausha, halafu kaza. Hasi ndiyo hutoka kwanza na kurudi mwisho. Ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, chuma chako kikigusa bodi utachomwa hapo hapo, na kama batri ilikuwa inatoa hewa yake inaweza kukupasukia usoni.

Ukimaliza hapo, ufuate waya mweusi mpaka unakoishia. Mmoja unaingia kwenye bodi, mwingine kwenye chuma cha injini. Hiyo ndiyo masi. Ulipokuwa unaosha uliifungua, ukairudisha juu ya rangi na kutu. Masi inataka chuma kitupu juu ya chuma kitupu. Ukitaka kuhakikisha bila kufungua kitu, chukua kamba ya kuazimia umeme, mwisho mmoja kwenye hasi ya batri, wa pili kwenye chuma cha injini, kisha jaribu. Demareri ikiamka kwa nguvu mpya, umeshajua, na hujatoa hata faranga moja.

Na demareri yenyewe uihurumie. Zungusha sekunde zisizozidi 10, pumzika dakika nzima. Kibanda chote hiki kinanuka waya wa moto.

Sasa tuje kwenye kuzunguka bila kushika. Hapa kaa chini kabisa, maana hapa ndipo vijana wengi hupotea, wakaanza kununua.

Corolla yako ni ya zamani, ina delko na nyaya nne za buji. Ulizichomoa zote pamoja, hukupiga picha, hukufunga hata uzi wa rangi kwenye mmoja. Wakati wa kuzirudisha ukazipanga moja, mbili, tatu, nne, kama watoto wa shule mbele ya bendera. Injini haiwaki kwa mpangilio huo. Injini ya namna hii, ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, huwaka 1-3-4-2. Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. Tafuta kwenye kofia ya delko waya unaokwenda kwake, halafu tazama rota inazunguka kuelekea wapi, na kwa mwelekeo huo huo hesabu: 1, 3, 4, 2. Asubuhi ulisikia mlio wa pa! ndani ya chujio la hewa, ukaruka kwa furaha ukisema linataka kuwaka. Halikutaka kuwaka. Moto wa silinda moja ulikuwa unapasuka wakati valvu ya kuingizia hewa bado iko wazi. Ukisikia mlio huo baada ya kugusa nyaya, acha kila kitu, rudi kwenye nyaya. Na kila waya usukume mpaka uhisi umenasa juu ya buji. Waya uliokaa nusu hukudanganya kwa macho.

Buji nazo, kwa kuwa ulizikaza kwa hasira, huenda moja imepasuka kaure yake. Kaure ikiwa na ufa mwembamba kuliko unywele, moto unapita hapo na kuishia kwenye chuma. Ukitaka kuona moto kwa macho, kwanza chomoa viunganishi vya umeme vya injekta, ili esanse isirushwe hewani wakati unacheza na cheche. Kisha toa buji moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze ikigusa chuma cha injini, uishike kwa koleo lenye mpira, mtu mwingine azungushe. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya manjano, iliyolegea, inakurudisha kwenye batri na kofia ya delko. Usishike kwa mkono mtupu kuonyesha uanaume. Umeme wa buji ni maelfu ya volti.

Halafu hayo maji. Nani aliwaambia vijana injini inaogeshwa kwa bomba siku ya kuitengeneza? Fungua kofia ya delko. Utaona ndani umande umekaa kwenye nukta za shaba, na moto badala ya kuruka kwenda kwenye waya wake unatambaa juu ya umande huo. Futa kwa kitambaa kikavu cha pamba, kofia na rota vyote viwili, uviache juani. Hapa kwetu, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, asubuhi za mvua hazikaushi kitu. Ungekuwa Beni, chini kule kwenye joto, huenda gari lingejikausha lenyewe kabla ya adhuhuri na usingejua kamwe ulichokosea.

Ukishazitoa buji, zinuse. Zikiwa zimelowa esanse, injini umeizamisha kwa kuzungusha ovyo: zikaushe, zirudishe, kanyaga kanyagio la esanse mpaka chini na uzungushe sekunde chache hivyo hivyo mguu ukiwa pale. Zikiwa kavu kabisa, esanse haifiki, na hapo tutazungumza juu ya lile chujio. Lina mshale, mshale unaelekea injini. Mkalishe mdogo wako nyuma, aweke sikio kwenye mdomo wa tangi wakati wewe unazungusha demareri. Zingatia hilo la kuzungusha, kwa sababu kwenye Toyota nyingi za umri huu pampu haingurumi unapofungua ufunguo tu. Inaanza injini inapozunguka. Vijana wametupa pampu nzima kwa kutolijua hilo.

Na esanse uliitoa wapi? Kwa Kadhafi, muuza esanse wa kando ya barabara, kwenye bidoni, usiku. Simlaumu Kadhafi, siku nyingi bila yeye mji huu ungetembea kwa miguu. Lakini mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Kama kuna maji yatashuka chini na utaona mstari. Na ukitoa esanse kwenye tangi usinyonye mpira kwa mdomo. Ikikupalia ikaingia mapafuni, daktari hana kle ya kuitolea.

Yule rafiki yako wa Beni, wa Hiace ya mazutu, mpelekee salamu na neno moja, kwa kuwa najua naye limelala. Alibadilisha chujio la mazutu, hewa ikaingia kwenye bomba. Mazutu haipendi hewa. Alegeze bolti ya kutolea hewa, apige ile pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka povu liishe na mkono uone ugumu, akaze, aache buji za kupasha zipashe vizuri, ndipo azungushe. Lakini kama amegusa ule mkanda wa ndani unaopanga valvu, na anasikia chuma kinagonga chuma, asizungushe hata mara moja zaidi. Injini nyingi za mazutu, mkanda ukikaa vibaya, valvu na pistoni hukutana, na hapo hatuzungumzi tena habari ya kuwasha, tunazungumza habari ya kununua injini nyingine.

Naona unatazama mteremko. Nakujua. Mji wetu ni vilima vitupu na kila mtoto anajua kusukuma. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo wale wanaolipa vijana kuwasukumia Noah zao wanatupa pesa. Lako ni la gia, linaweza, gia ya pili, lakini kusukuma ni dawa ya batri iliyochoka, si dawa ya nyaya zilizopishana. Utaporomoka mpaka bondeni na bado limekataa.

Hapana, hilo usilicheke. Injini ikiwa imezimika, freni zina msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha kanyagio linakuwa gumu. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga. Mtu anayejaribu hivyo kwenye miteremko ya Kabasha, anapotelemka kwenda Beni, anawatia hatarini wote walio mbele yake.

Hapo ndipo nachoka, mwanangu, kuliko pote. Mnatengeneza gari kwa kuliwasha mara moja mbele ya nyumba, mnapiga makofi, kesho mnapakia watu. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kama kilomita 80. Mauaji ya eneo la Beni tunayahesabu tangu Oktoba 2014, hali ya kuzingirwa, ile état de siège, tumewekewa tangu tarehe 6 Mei 2021, na katika njia ya kwenda Komanda magari yamekuwa yakisindikizwa na askari kwa misafara. Njia ya Goma nayo unajua ilivyokuwa tangu waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga, Juni 2024. Msafara haumngojei mtu aliyefunga masi juu ya rangi. Unabaki peke yako msituni na mama wenye watoto ndani ya gari lako, ukitafuta kle kwa tochi ya simu. Kwa hiyo likiwaka leo, usilipakie kesho. Lizungushe hapa mjini siku kadhaa, lilale baridi, liamke baridi, upime tena zile volti.

Ukishafanya yote haya likakataa, lipeleke garaji, na huko usiwe na haya. Mwambie fundi mambo yote matano, kwa mpangilio kama ulivyoyafanya, hata lile la maji. Vijana hufika garaji wakasema "limezimika lenyewe tu", fundi akatafuta siku mbili kitu ambacho mwenye gari alikijua tangu mwanzo, halafu wanalia bei ni kubwa. Na hizo bolti mbili zilizobaki kwenye mfuko wa suruali yako, ziweke mezani mbele yake. Kule Japani hawakuziweka kwa ajili ya mapambo.

Multimeta yangu iko kabatini, nyuma ya redio. Betri yake ya ndani niliitoa isije ikavuja, kanunue nyingine kwa muuza simu pale njia panda. Anza na masi, halafu nyaya, halafu kofia ya delko, moja moja, ukiwasha baada ya kila moja. Likiwaka usije kunigongea usiku kuniambia. Niambie asubuhi, nikishakunywa chai.